Kazi ya Bure, Vifaa za Kulipia

Kuna job moja onlaini haina mshahara, haina likizo, haina hata makato ya SHA, na bado watu wanaipigania. Ni ya modi. Huyo ndio msee anakaa kwa grupu usiku akifuta spamu za betting, akitupa nje wenye matusi, akituliza mafala wawili wenye wameanza kutusiana mathee juu ya penalti. Kama grupu yenu iko safi, jua kuna mtu alikosa usingizi ndio ikae hivyo.

Sasa kuna kampuni moja imejengwa juu ya migongo ya hao wasee kushinda zingine: Reddit. Ilianzishwa Marekani 2005 na machali wawili walikuwa wametoka tu campo, Steve Huffman na Alexis Ohanian. Mtandao wote ni magrupu. Kuna ya mpira, ya kupika, ya sheria, ya paka, ya watu wanadai kujua kama huyo dem bado anawapenda. Kila grupu iko na sheria zake na mamodi wake, na hao mamodi si waajiriwa. Kwa makaratasi zenye kampuni ilipeleka kabla iingie soko la hisa, ilisema Disemba 2023 mamodi zaidi ya 60,000 walikuwa wanachapa kazi kila siku. Ukijumlisha mishahara ya hao wote, unapata sufuri.

Na walikuwa wamekubali, manze. Mtu akipenda kitu ataifanya bure mpaka asubuhi. Ngori ilianza 2023, siku kampuni iliamua vifaa zenye hao wasee wanatumia kufanya hiyo kazi ya bure zianze kulipiwa.

Shift ya modi

Cheki venye hiyo job inaenda. Uko na grupu ya watu mita tano. Posti zinaingia kila dakika, komenti ndio usiseme. Macho mbili haziwezi, hata mkiwa mamodi ishirini. So wasee wakajitengenezea vifaa.

Kuna roboti inaitwa AutoModerator. Inasoma posti na kung'oa zenye zimevunja sheria kabla hata mtu azione. Hiyo ilianza kama mradi wa msee mmoja tu, Reddit ikakuja kuivuta ndani kabisa 2015. Kuna Toolbox, yenye unaongeza kwa brauza, inakuwezesha kuandika rekodi ya kila mtukutu: huyu tulimwonya, huyu ni mgeni ametuliza, huyu amerudi na akaunti ingine. Kuna Pushshift, yenye ilikuwa inaweka kopi ya posti hata mwenyewe akizifuta. Mkora akimwaga sumu kwa grupu alafu afute mbio, modi bado alikuwa anamshika. Kuna BotDefense, yenye kazi yake ilikuwa kusaka maakaunti za spamu na kuzitupa nje kwa magrupu mob kwa mkupuo mmoja.

Alafu kuna story ya simu. Apu rasmi ya Reddit ilitoka 2016. Miaka mingi kabla ya hapo, ukidai apu ya Reddit kwa simu ulikuwa unatumia apu ya mtu wa nje. Alien Blue ya iPhone ilikuwa moto mpaka Reddit ikainunua 2014. Wa Android walikuwa na RIF na Sync. Na 2017 ikakam Apollo, yenye Christian Selig, developa wa Canada, aliitengeneza karibu peke yake. Ilikuwa inabamba mamodi juu ilikuwa inafanya kazi zao kwa simu poa kushinda apu ya kampuni yenyewe. Na kuna wasee apu za nje hazikuwa starehe kwao, zilikuwa ndio mlango wa pekee. Grupu ya vipofu, r/Blind, iko na mamodi vipofu. Walikuwa wanategemea apu zenye zinaelewana na sauti ya kusoma skrini, na ya kampuni ilikuwa inawaangusha vibaya.

Karibu hizo vitu zote zilikuwa zinachota data kwa njia moja inaitwa API, penye programu ya nje inaongea na kompyuta za Reddit. Ilikuwa wazi tangu 2008, na ilikuwa ya bure.

Bili inafika

Aprili 18, 2023, Reddit ikatangaza hiyo njia sasa itakuwa na bei. Huffman, CEO, akaambia gazeti la New York Times venye mambo iko: hizo stori zote za miaka na miaka ni mali, na makampuni kubwa za AI zimekuwa zikizichota bila kulipa. Kwa hiyo point, hata mimi siezi mpinga. Kama Google na OpenAI zinafunza mashini zao na maongezi ya watu, mtu anafaa kulipwa. Swali ni mtu gani, na hapo ndio stori inageuka.

Mei 31, Selig akamwaga hesabu hadharani. Bei ilikuwa dola ngiri 12 kwa kila maombi mita 50 yenye apu inatuma. Mwezi uliotangulia, Apollo ilikuwa imetuma maombi bilioni 7. Piga kalkuleta: ni kama dola mita 1.7 kwa mwezi, dola mita 20 kwa mwaka. Kwa pesa zetu za wakati huo hiyo ni karibu shilingi bilioni 2.8, na bili inaletewa chali mmoja ako na laptop. Imgur, yenye inahifadhi mapicha, ilikuwa inamchaji dola 166 tu kwa hizo maombi mita 50. Na Reddit ilikuwa imewapa wasee kama mwezi mmoja wajipange, juu bei inaanza Julai 1.

Ikafika pahali pa drama. Selig alikuwa ameongea na watu wa Reddit kwa simu, akatupa mzaha: kama mnasema Apollo inawakost dola mita 20 kwa mwaka, nilipeni mita 10 tu na kelele iishe. Msee wa upande ingine akaichukua kama vitisho, akaelezwa, akaomba msamaha hapo hapo. Lakini baadaye Huffman akaambia mamodi wengine ati Selig alijaribu kuwatisha. Hakujua Selig alikuwa amerekodi. Sauti ikaachiliwa, kila mtu akajisikizia. Juni 8, Selig akatangaza Apollo inafungwa Juni 30. RIF na Sync zikasema pia zao zimeisha.

Kampuni ilikuwa na majibu. Ilisema apu nyingi haziwezi fika kiwango cha kulipa, maroboti za mamodi zitaendelea bure, na apu za watu wenye ulemavu zenye hazitengenezi pesa hazitaguswa. RedReader, Dystopia na Luna zikapewa ruhusa. Fiti. Lakini Pushshift ilikuwa imeshakatwa tangu Mei, ikakuja kurudishwa kwa masharti. BotDefense ikasema imechoka na kufunga. Ukifanya kazi bure kwa miaka, alafu mdosi akwambie ati usijali, vifaa zako nimeziangalia, zenye ni za maana kwangu nimekuachia, hiyo inaingia aje?

Juni 12, stima inazimwa

Mamodi walikuwa na silaha moja tu: kufunga grupu iwe ya siri, mtu wa nje asione kitu. Juni 12 wakaitumia. Magrupu zaidi ya 8,000 zikaingia giza kwa mpigo, zingine za watu mita 30. Zilifungwa nyingi mpaka mtandao wenyewe ukaanguka kwa muda asubuhi hiyo.

Na walikuwa na sababu ya kuamini itafanya kazi. Julai 2015 Reddit ilimfuta Victoria Taylor, dem alikuwa anaunganisha masupastaa na grupu ya maswali na majibu, na mamodi hawakuambiwa kitu. Wakafunga magrupu. Wiki moja hivi baadaye, CEO wa wakati huo, Ellen Pao, akatoka. Jua nani alirudi kushika kiti: Huffman. Huyo msee alipata ofisi moshi ya mgomo wa mamodi ikiwa bado iko hewani, so hakuna mtu angemfunza venye mgomo inaenda.

Hii ya 2023 ilitangazwa kuwa ya masaa 48. Hapo ndio walijikata. Ukiambia mdosi utagoma Jumatatu na Jumanne, yeye anangojea Jumatano. Huffman akaandikia wafanyakazi wake ati hii kelele itapita kama zingine, na kwa mapato hawajaona dent ya maana. Memo ikavuja, mamodi wakawaka. Maelfu wakasema hatufungui.

Kampuni ikaanza kutuma meseji za upole wa kutisha: kama kwa timu yenu kuna modi anadai kufungua, tuambieni, kama hakuna, tutatafuta wengine. Magrupu zikaanza kufunguka moja moja.

Lakini mamodi ni wasee wa intaneti, bana, wako na ujinga yao. Grupu ya mapicha, r/pics, ikapigia kura sheria mpya: grupu imefunguliwa, sawa, lakini picha zenye zitakubaliwa ni za John Oliver pekee, ule mchekeshaji wa TV. Watu wakapiga kura kwa fujo. Mapicha za John Oliver zikajaa kila kona, na jamaa mwenyewe akaingia kwa game, akaposti zake za ziada ndio wasikose. Grupu ya Steam, duka la magemu, ikageuka kuwa ya mvuke wa maji wa ukweli. Zingine zikajitangaza ni za watu wazima, juu matangazo ya biashara haziwekwi hapo. Hiyo ya mwisho iliuma pahali pesa inakaa, na mamodi wengine walitolewa mbio sana.

Nani ndio landlord?

Kwa interview moja ya NBC wakati huo, Huffman alisema mamodi ni kama makabaila wa kurithi mashamba: aliyefika kwanza ndio anabaki mkubwa, na hakuna mtu anaweza kumpigia kura atoke. Alidai kuleta sheria ya wanachama kuwatoa.

Usimcheke haraka. Kuna ukweli hapo. Kila msee amewahi kutana na admin ako na kichwa kubwa, yule anabani mtu juu hakumpea hi. Mamodi wengine walifunga grupu bila kuuliza wanachama, na kuna mtu alikuwa anatafuta usaidizi wa maana siku hiyo akapata mlango umefungwa.

Lakini hiyo picha ya mashamba, ilete kwa ploti ya huku kwetu uicheki vizuri. Keateka ndio anafagia ngazi, anafungua maji, anatenganisha wapangaji wakipigana. Landlord anaishi mbali. Siku moja landlord anakuja, anachaji keateka pesa ya ufagio, na keateka akilalamika, landlord anaambia wapangaji: mnaona huyu? Amejifanya mwenye ploti!

Julai 1 bei ikaanza. Apollo ikazima. Mgomo ikaisha polepole bila mtu kutangaza. Na Septemba 2024 Reddit ikafunga hesabu: sasa modi akidai kugeuza grupu kuwa ya siri, lazima aombe ruhusa kwa kampuni kwanza. Ile silaha moja wasee walikuwa nayo ikawekwa kwa kabati ya mdosi, na funguo ni yake.

Doo ilienda wapi

Sasa fuata mkwanja. Februari 2024, Reuters wakaripoti Reddit imesaini na Google, kama dola mita 60 kwa mwaka, ndio Google itumie maongezi ya Reddit kufunza AI. Makaratasi za soko la hisa zikaonyesha mikataba za kuuza data jumla ni dola mita 203. Huffman, malipo yake ya 2023, nyingi ikiwa ni hisa, ilihesabiwa dola mita 193. Machi 21, 2024 kampuni ikaingia soko la New York, hisa moja dola 34, na siku hiyo hiyo ikafunga juu ya dola 50.

Mamodi walikumbukwa: walipewa nafasi ya kununua hisa kwa bei ya kwanza. Umeskia vizuri. Kununua, na pesa zao.

Kuna watafiti wa vyuo vikuu vya Northwestern na Minnesota walijaribu kupima hii job 2022. Wakapata mamodi wa Reddit wakiwekwa pamoja wanafanya angalau masaa 466 kila siku, na kama wangelipwa, ingekuwa dola mita 3.4 kwa mwaka, kitu kama asilimia 2.8 ya mapato ya kampuni ya 2019. Wasee wengine wakiskia hiyo namba wanasema kumbe ni kidogo. Mimi naisoma ingine. Hiyo ni bei ya kufuta tu. Data yenye Google inalipia ni ya maana juu mtu alitoa takataka ndani. Ukiacha grupu bila modi mwezi mmoja, utapata matangazo za dawa za nguvu na porojo, na hakuna AI inadai kula hiyo. Hapo kwa kusafisha ndio thamani ilitoka, na kwa mkataba wa Google jina la msafishaji haliko.

Si mara ya kwanza. Miaka ya tisini AOL ilikuwa na maelfu ya wasee wa kujitolea walioshika vyumba vyake vya maongezi, wengine wakiwa na ratiba ya shift na ripoti za kujaza. 1999 wakaenda koti wakisema hii ni kazi, tulipwe. Kesi ikaisha 2010 na malipo ya dola mita 15. Miaka kumi na moja ya kungoja.

Huku kwetu

Usiseme hii ni ngori ya wazungu. Nairobi inajua kusafisha mtandao kushinda miji mingi. Mei 1, 2023, mwezi ule ule Selig alimwaga bei, wafanyakazi zaidi ya 150 wenye walikuwa wanakagua vitu za Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuanzisha yunioni. Hao walikuwa wanalipwa, lakini mwaka uliotangulia jarida la Time lilikuwa limeripoti wengine wanapata kama dola moja na nusu kwa saa, wakicheki video za watu wakichinjwa. Upande mmoja wa dunia kazi ni ya bure, upande huu ni ya peni, na pande zote anayeuza matangazo juu yake ni kampuni.

Na admin wa WhatsApp je? Hiyo ndio modi yetu. Grupu ya ploti, ya chama, ya machali wa campo, ya mazishi ya guka yenye ilikataa kufungwa. Mpaka 2022 admin wa WhatsApp hakuwa anaweza hata kufuta meseji ya mtu mwingine. Angeomba tu: tafadhali futa. Na miaka tano kabla ya hapo, Julai 2017, gava kupitia Communications Authority na NCIC ilikuwa imetoa miongozo ya siasa mtandaoni ikisema admin ndio anafaa kuchunga vitu zinasemwa kwa grupu yake. Jukumu lilifika kwanza, vifaa zikakam miaka tano baadaye. Hata modi wa Reddit sijaskia akiwekwa kwa kona kama hiyo.

Na wasee wengine walikimbilia GB WhatsApp, ile ya watu wa nje iko na mambo mob. WhatsApp nayo inapiga bani namba zenye zinaitumia. Hapa nitakuwa wazi: GB si Apollo. Selig alikuwa anapitia mlango wenye Reddit ilifungua yenyewe, na jina lake lilikuwa juu ya meza. Kwa GB hujui nani ameitengeneza na anasoma nini kwa simu yako. Lakini sababu ya watu kuitafuta ni ile ile, kifaa rasmi hakitoshi.

Rada kwa admin

Kama umeshika grupu, jua hii: watu ni wako, ukumbi si wako. Weka listi ya wanachama pahali pengine, na muwe na base ya pili yenye kila mtu anajua. Mamodi wa Reddit wenye walihama wakaenda Lemmy, mtandao mwingine wa magrupu, walijifunza hii wakiwa njiani, na wakaacha wanachama wengi nyuma juu hakukuwa na njia ya kuwaita. Gawa kazi kwa watu watatu wanne, na weka masaa. Ukipewa jukumu na mtu yeyote, kampuni ama gava ama mwenyekiti wa ploti, uliza kwanza unapewa kifaa gani cha kulifanya, na nani anaweza kukunyang'anya. Na ukigoma, usimwambie mdosi siku ya kurudi.

Na nyinyi wengine mnakaaga kwa grupu mkicheka memes, mnachangaga kila kitu. Harusi, mazishi, bebi shawa, rent ya msee alifutwa. Admin wenu amekesha usiku akitoa link za wezi ndio mathee wako asitapeliwe. Anzisheni mchango wa bundles zake leo, na pinieni hiyo meseji juu kabisa.